Yaarub, Bibi Bado Yuko Mlangoni

Mwaka umekatika, Yaarub, tangu Jumatatu ile asubuhi ulipoegesha gari Al Khuwair, mbele ya wizara, na usishuke tena. Redio ilikuwa inaendelea kusema. Wenzako walipita wakidhani unamalizia kusikiliza habari, na walipokuja kugonga kioo ulikuwa umeshatangulia.

Tunajua tangazo la kumbukumbu huwa fupi: picha, tarehe, machozi kidogo, basi. Hili litakuwa refu, na wasomaji watatuvumilia. Wewe mwenyewe hukuwahi kufupisha kitu, hata salamu, na mwaka huu umetuchosha hata nguvu ya kukata maneno hatuna.

Wasiokujua waambiwe kwamba ulikuwa mtu wa mafaili. Miaka ishirini na mbili kwenye dawati moja, na hakuna aliyekusikia ukimwambia mtu "njoo kesho." Ulilisoma kila faili mpaka ukurasa wa mwisho, hata lile ambalo mwenyewe alijua hana haki, ili ukimwambia hapana umpe na sababu. Siku ya msiba watu walijaa nyumbani Azaiba tusiowajua. Mzee mmoja alisimama mlangoni akasema, "Huyu alinikatalia mara mbili," akalia mpaka tukamtafutia kiti.

Ijumaa, ikishaswaliwa alasiri, ulikuwa mtu mwingine kabisa. Ulikuwa na penseli sikioni, ramani zilizochorwa nyuma ya karatasi kuukuu za ofisi, na sauti kumi na tano za mazimwi. Mchezo wenyewe ulirudi nao kutoka Uingereza ulikokwenda kusoma. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anambuni mtu wake, na msimulizi anawapeleka kwenye mapango, majoka na miji isiyokuwepo duniani. Msimulizi anauliza, "Unafanya nini?" Mchezaji anajibu, kisha dadu inaamua kama amefaulu. Msimulizi ulikuwa wewe, na kiti hicho hukuwahi kumwachia mtu.

Dadu hazikumaliza hata siku moja. Mama yako, Bi Rahila, aliziona mezani akasimama palepale. "Yaarub, nyumbani kwangu hazingii dadu," alisema. "Mimi nna umri wa kwenda kuulizwa kaburini, usiniongezee maswali." Hukubishana naye. Ulikula tende ishirini mbele ya macho yake, ukayaosha makokwa, ukayaandika nambari kuanzia moja mpaka ishirini, ukayatia kwenye kifuko cha kitambaa. Anayetaka kujua bahati yake anatia mkono, anatoa kokwa. Ishirini ni ushindi, moja ni balaa. Mama aliangalia, akatafuta la kusema akalikosa, maana tende ni sunna. Tangu siku ile akawa anakaa kwenye kochi na tasbihi yake, akijifanya hasikilizi.

Mbele yako ulisimamisha majalada matatu ya mafaili yaliyochakaa, ofisi ilikuwa inayatupa, ili tusione ulichoandika. Na sheria ya kumaliza uliitoa kwenye kahawa yetu wenyewe. Mgeni hapa anamiminiwa kahawa, akimaliza anaongezwa, na ataongezwa mpaka aitikise finjani. Kuitikisa ni kusema ahsante, imetosha. Ukaamua hadithi nayo iwe hivyo. Mmoja wetu akitikisa finjani, hadithi inasimama pale ilipo, hata upanga ukiwa hewani, mpaka Ijumaa nyingine. Ila msimulizi ni mwenyeji, na mwenyeji hatikisi kabla ya wageni wake. Sheria hiyo uliitunga mwenyewe na uliishika kuliko sisi sote, au ndivyo tulivyodhani.

Dada yako Hajar, karani wa mahakama, alijibunia Kadhi Mfupi, mtu wa kimo cha mtungi, asiyekubali kupigana na zimwi kabla ya kulisomea mashtaka. Ijumaa tatu nzima tulikaa ndani ya pango moja, zimwi linahojiwa. Mwisho aliliachia huru kwa kukosa mashahidi, nalo likatoka na farasi wetu wote. Hajar mpaka leo anasema hukumu ilikuwa sahihi.

Elias yeye alikuja kutengeneza kiyoyozi. Ulikuwa mwezi wa saba, joto la kuua, na kijana wa watu alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa shati lake la ibada. Ibada za kanisa hapa nazo ni Ijumaa, na hiyo ndiyo siku yake pekee ya kupumzika tangu atoke Songea kuja kufanya kazi huku. Alipomaliza ulimtazama akipangusa jasho, ukamwambia, "Elias, sisi hapa tumepungukiwa mwizi. Hebu kaa." Aliweka bisibisi chini taratibu. "Mzee, mimi sijagusa kitu humu ndani," alisema. "Kagua mfuko wangu." Tulicheka, mpaka tukamwona anaufungua mfuko wake kweli. Ulimwomba radhi mara nyingi hata yeye ndiye akaanza kukubembeleza wewe.

Ulipomweleza mchezo akakaa, na mwizi wake akampa jina la Bwana Samahani. Mwizi mwenye adabu zake: kila akiiba anaacha barua ya kuomba radhi. Taji la mfalme wa Milima ya Shaba aliliiba vizuri kabisa, hakuna aliyemsikia. Walimkamata kwa sababu alikuwa bado anaandika barua, yuko ukurasa wa tatu. Miaka sita Elias hakukosa Ijumaa, na kiti chake kilikuwa ubavuni mwako, kando ya mafaili.

Mkeo Mahbuba alikataa kucheza mwaka wa kwanza wote. Yeye ni mwalimu wa hesabu, shule ya wasichana. "Nakimbizana na wasichana mia mbili kuanzia Jumapili mpaka Alkhamisi," alisema. "Ijumaa nayo unataka nikimbizane na majoka?" Ukamjibu, "Basi mbuni mtu asiyekimbia." Akambuni kweli: bibi wa miaka sabini na tano, silaha yake mchi wa kinu, na nadhiri yake moja tu, kwamba hakimbii. Tulimwita Bibi Asiyekimbia. Alikuwa safarini kwenda Mji wa Chumvi, nyuma ya jangwa, na kwa mwendo wake ule hakuna aliyetegemea afike upesi.

Joka la Quriyat ndilo tunalolisimulia mpaka leo. Ulilitoa mlimani, ukalilaza juu ya mfereji wa maji ya mitende mpaka mitende ikaanza kukauka, ukalipa sauti ya mkubwa wako mmoja wa kazini ambaye hatumtaji. Kadhi Mfupi alikimbia na mashtaka yake mkononi. Bwana Samahani alikimbia, akarudi kuacha barua, akakimbia tena. Bibi alibaki peke yake. "Unafanya nini?" ulimuuliza Mahbuba. Mahbuba alikuwa anasahihisha madaftari mapajani, hakuinua hata kichwa. "Namuuliza: mwanangu, umekula?" Akatia mkono kifukoni, akatoa ishirini.

Halafu joka likaanza kulia kwa sauti ya mkubwa wako, likasema tangu lizaliwe hakuna aliyeliuliza. Kule kwenye kochi mama aliacha tasbihi. "Maskini!" alisema. Kuanzia hapo, kila Ijumaa tukikusanya vyombo, alikuwa na swali moja tu: "Bibi kafika?" Nasi tulimjibu, bado, mama.

Ijumaa ya mwisho ndipo Bibi alipofika mlangoni. Mji wa Chumvi, ukuta mweupe, mlango wa mninga. Mlinzi alitoka, na safari hii hukumpa sauti ya kuchekesha, ulimpa sauti yako mwenyewe. "Bibi," aliuliza, "umemfuata nani humu?" Sote tulimgeukia Mahbuba. Ilikuwa wiki ya mitihani, amekaa ameshika kichwa. "Nimechoka, Yaarub," alisema. "Atajibu Ijumaa." Akatikisa finjani.

Tulipiga kelele. Miaka sita ya kuusubiri mlango ule, Yaarub! Hajar alimwita mvunja ngoma. Wewe ulitabasamu, ukafunga daftari. "Khalas," ulisema. "Ijumaa." Jumatatu ukaondoka.

Kuanzia hapo hadithi hii ni ya Mahbuba, na tunakuelezea wewe kwa kuwa hukuwepo kumwona. Miezi minne na siku kumi alikaa eda. Wanawake walikuja asubuhi na jioni, na kahawa ilimiminwa asubuhi na jioni. Hajar ndiye aliyegundua kwanza. Wageni wanakunywa finjani mbili, tatu, wanatikisa, wanaendelea na mazungumzo. Mahbuba anakunywa ya tano. Ya sita. Anayemimina anasimama mbele yake akingoja, naye ananyoosha mkono tena. Hakuwa na hamu ya kahawa. Alikuwa hawezi kuitikisa finjani.

Watu wana midomo. Bibi mmoja jirani alisema msiba umemfanya Mahbuba mroho wa kahawa. Hajar akamjibu maneno ambayo hayaandikiki hapa, na bibi yule hajarudi.

Neno lile la "nimechoka" nalo lilimkwama. Eda ilipokwisha alirudi shule, akachukua na vipindi vya mwenzake aliyekwenda kujifungua. Usiku halali, mchana chaki inamvunjikia ubaoni. "Umechoka, wifi?" Hajar alimuuliza. "Sijachoka." "Mwanangu, kajinyooshe kidogo," mama alimwambia. "Sijachoka, mama." Binti yenu Mazoon aliacha nyumba yake ya kupanga Sohar, akarudi Azaiba kukaa naye. Kumlaza kukamshinda. Daktari alisema apunguze kahawa, naye akamjibu inshallah.

Siku moja Mazoon alimpandishia sauti. "Mama, unataka kumfuata baba?" Ndipo Mahbuba akasema, mara moja tu na hakurudia. Alisema, "Baba yako alitaka kuendelea. Miaka sita aliutengeneza mlango ule. Kanifikisha, kaniuliza swali moja, la mwisho aliloniuliza mezani pale, na mimi nikamfungia mdomo kwa uchovu wangu." Tulimwambia yote yanayosemwa, kwamba siku zimeandikwa, kwamba hakuna aijuaye kesho. Alituitikia vizuri. Mafaili yako, ramani na kifuko cha makokwa alivifungia kabatini, na Ijumaa zikawa siku za kufua, ingawa Elias aliendelea kuja kutujulia hali.

Ijumaa iliyopita mwaka ulitimia kwa hesabu ya Kiislamu, tukakusomea hitima. Watu walikula, wakaomba dua, wakaondoka. Elias alikuwa amekuja kutoka kanisani, akakaa karibu na mlango muda wote kama mtu anayengojea kuitwa. Tulibaki jamaa wa nyumbani na yeye. Hajar alishika birika, akatumiminia. Sisi tulitikisa. Mahbuba alinyoosha mkono, tena, na tena. Ya saba ilipojaa, finjani ilikuwa inagongana na pete yake, tunaisikia.

Elias alisimama. "Mama, naomba usinywe hiyo."

"Kwa nini?"

"Mzee alitikisa kabla yako."

Hajar alibaki na birika mkononi. Mahbuba alimtazama Elias kama anayesikiliza lugha nyingine. "Sema vizuri," alimwambia.

"Mimi nilikuwa nakaa ubavuni kwake," Elias alisema. "Nilikuwa naona nyuma ya mafaili. Siku ile, Bibi hata hajaufikia mlango, mzee aliishusha finjani yake chini ya meza akaitikisa. Akakaa kidogo, akaitikisa tena. Nikafikiri ananitania, maana sheria ni yake mwenyewe. Lakini jasho lilikuwa linamtoka, mama, na kile kiyoyozi nimekitengeneza mimi, najua kilikuwa kinapuliza baridi. Aliniangalia. Mimi nikaangalia pembeni."

"Kwa nini uliangalia pembeni?"

"Nilikuwa nasubiri zamu yangu. Bwana Samahani alikuwa bado hajaingia mjini. Nilitaka aingie. Ndiyo hivyo tu, mama, hakuna sababu nyingine. Sisi wote tulikuwa tunataka mlango. Wewe ulipotikisa, mzee alishusha pumzi, mabega yakalegea kabisa. Ni wewe tu uliyempumzisha siku ile."

Mahbuba aliiweka finjani mezani. Tulidhani atalia, lakini alikasirika, na tangu ufe hatukuwahi kumwona amekasirika. "Mwaka mzima, Elias."

"Mwaka mzima, mama."

"Unakuja hapa, unaniangalia nakunywa."

"Nilijua nikisema mtaniuliza kwa nini sikusema siku ile, nikampeleka hospitali. Na mimi najiuliza kila siku." Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi zilizokunjwa, kingo zimechakaa kwa kubebwa. "Niliandika. Kila Ijumaa nakuja nayo, narudi nayo."

Mahbuba aliipokea barua. Hakuifungua. Aliigeuza mkononi kama anavyogeuza madaftari ya wanafunzi wake. "Kurasa ngapi?"

"Tatu, mama."

"Basi wamekukamata," alisema Mahbuba. Hapo ndipo alipolia, Yaarub, kilio cha mwaka mzima, na kilikuwa kimechanganyika na kicheko. Elias naye alilia amesimama vilevile katikati ya chumba. Hajar alilia na birika lake. Hatukuona haya, na hata leo tukikuandikia hatuoni.

Mama yako ndiye aliyetunyamazisha. "Mkalisheni huyo kijana, mpeni maji," alisema. "Na nyie leteni hayo mafaili. Nna miaka themanini na sita. Nataka kujua bibi kafika au hakufika."

Tulitazamana, kwa sababu kiti chako hakikuwa na mtu. Mazoon ndiye aliyekikalia, yeye ambaye maisha yake yote aliuita mchezo huu kazi ya wazee waliokosa kazi. Aliyasimamisha majalada, moja likaanguka, akalisimamisha tena. Akafungua daftari lako mahali ulipoishia na kusoma mstari wa mwisho kwa mwandiko wako. "Bibi, umemfuata nani humu?"

Mahbuba alikivuta kifuko karibu. Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira, unagonga ukuta wetu. Sisi sote tulijua anataka kumtaja nani, na tulimwogopea, maana tunajua Mazoon hawezi kumtoa baba yake nyuma ya mlango wa kubuni.

"Sikumfuata mtu," alisema mwisho. "Mwambie mlinzi nimechoka. Nataka pa kukaa."

Akatia mkono kifukoni. Alitoa kokwa, akaliweka mezani, tukainama kuliangalia. Ilikuwa tatu. Kwa tatu, kwa sheria zako, mlango haufunguki, na hukuwahi kumpendelea mtu, hata mkeo, hata siku yake ya kuzaliwa. Hajar alianza kusema kwamba kokwa limeteleza, litolewe jingine, kwamba yeye kama kadhi ana mamlaka. Mazoon aliinua mkono kumzuia, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

"Mlango haukufunguka," alisema. Alitazama daftari lako, ambalo chini ya mstari ule halina kitu. "Lakini mlinzi ameingia ndani, ametoka na kiti. Amekiweka ukutani, penye kivuli. Anasema, bibi, kaa."

Mahbuba aliichukua ile finjani ya saba, imeshapoa, haijanywewa. Aliimwaga kwenye sahani ya makokwa ya tende zilizokwisha kuliwa. Kisha akaitikisa, taratibu, kulia na kushoto, akamrudishia Hajar.

"Nimechoka," alisema.

Hakuna aliyemwita mvunja ngoma. Tulikusanya vyombo. Mama aliuliza kutoka kwenye kochi, "Bibi kafika?" Mahbuba akajibu mwenyewe, "Bado, mama. Amekaa," akaenda kujilaza palepale kwenye kochi, kichwa mapajani mwa mama yako, akalala. Alilala mpaka adhana ya magharibi, mdomo wazi, na mama hakuuondoa mguu wake ingawa ulikufa ganzi. Jumapili alikwenda shule akavirudisha vile vipindi vya mwenzake.

Barua ya Elias bado hajaisoma. Ameiweka ndani ya daftari lako, kwenye ukurasa ule, na Elias anasema anaogopa kumuuliza. Mwache aogope kidogo.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bi Rahila, mkeo Mahbuba, binti yako Mazoon, dada yako Hajar, na Elias, ambaye kwenye tangazo la kifo hatukumtaja na leo tunamwandika mahali pake, pamoja na jamaa. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupe makazi mema.

Ulitikisa finjani, Yaarub, na sisi wageni wako hatukuona. Sasa tumeona. Pumzika, mwenyeji wetu. Maadamu tuko hai, hutasahaulika.